Jibu Lililotangulia Swali

Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii alijibu swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Mpelelezi wa bunge la jimbo aliirudisha ile video nyuma akaitazama tena, kidevu kikiwa kiganjani. Kwenye skrini Waziri alikuwa amesimama, folda iko wazi mbele yake, anasoma. Swali la msingi lilikuwa la zahanati zisizo na umeme, na alilijibu lote. Kisha akafunua ukurasa. Hakuinua kichwa, kwa sababu Waziri huyu akishaanza kusoma hasimami hata umpigie honi.

"Na kuhusu wahudumu wa majumbani, Mheshimiwa Spika, si kweli kwamba serikali ya jimbo imewatupa wazee walio kitandani. Ziara zimebadilishwa kuwa simu. Mzee anapigiwa, anaulizwa hali, anashauriwa. Na wale wasiosikia wanatumiwa ujumbe mfupi."

Halafu sauti ikatoka viti vya nyuma: "Nani kakuuliza?" Bunge zima likavunjika mbavu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mjumbe wa upinzani, mwanamama aliyetajwa na Spika kuwa ndiye mwenye swali, alikuwa amenyanyuka nusu, mkono juu, mdomo wazi, kama mtu aliyealikwa harusini akakuta bwana harusi ni mume wake. Swali alilokuwa akisimama kuliuliza ndilo hilo hilo lililokwisha kujibiwa.

Mpelelezi akazima video. Wenzake walimwita Kituo, kwa kuwa husimama katikati ya sentensi kama basi linaloshusha abiria, na wewe unabaki umekaa tu ukisubiri safari iendelee. Alijua utaratibu wa nyumba hii kuliko njia ya kwake. Swali la msingi hupelekwa wizarani mapema, Waziri ajiandae. Swali la nyongeza halipelekwi popote. Ndiyo silaha pekee aliyonayo mjumbe: kumkamata Waziri akiwa hana karatasi. Sasa Waziri alikuwa na karatasi. Nani alimpa?

Mlango ukafunguka bila kubishwa, akaingia yule mjumbe wa upinzani.

"Kituo, mbona umekaa kama unatazama tamthilia? Nipe barua yangu nikamfukuze huyu mtoto."

"Karibu, Mheshimiwa. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Hilo swali uliliandika na nani?"

"Na huyo huyo. Binti wa kaka yangu, msaidizi wangu, niliyemtoa kwao mwenyewe nikamtafutia kazi humu ndani." Mheshimiwa alipiga meza kwa kidole kila baada ya neno. "Juzi jioni, nyumbani kwangu. Mimi nasema, yeye anachapa. Hakuna mtu wa tatu. Ukinitoa mimi, anabaki nani?"

"Hesabu nzuri. Na jana, kabla ya kikao?"

"Nilimtuma posta. Hakwenda. Mtu wa mapokezi alimwona ndani ya gari la Waziri. Ndani, Kituo! Si karibu na gari, si nyuma ya gari. Jana hiyo hiyo nikaieleza Kamati ya Maadili mbele ya Spika, nikamtaja kwa jina kuwa msaliti. Leo saa nane wanakaa kumfukuza, na jina lake likishafungiwa hapa, hakuna ofisi ya umma itakayompa hata kazi ya kufungua geti. Unadhani nafurahia? Kaka yangu hajui bado."

Kituo alivuta kalamu. "Nisomee swali lenyewe, kama lilivyochapwa."

Mheshimiwa akatoa karatasi kwenye mkoba. "'Je, Waziri haoni kwamba kuondoa ziara za wahudumu na kuweka simu ni kuwaacha wazee wagonjwa bila huduma?' Basi."

"Basi?"

"Na kile kipande cha mwisho. Hicho hakikuandikwa. Nilikiongeza jana asubuhi kwa mdomo, nikiwa na Mkalimani wa lugha ya alama kwenye chumba cha kioo. Yeye hupenda kulisikia swali mapema ili asihangaike ukumbini. Nilipomsomea akaniuliza, 'Na watu wangu, Mheshimiwa? Kiziwi anapigiwa simu ya nini?' Nikaona, ahaa, hapo ndipo penye mfupa."

"Ukamwambia binti?"

"Ningemwambia vipi na yuko posta? Nilitoka pale nikaingia ukumbini moja kwa moja. Nilimwona baada ya aibu kunipata."

"Waziri alisema nini kuhusu wasiosikia?"

Mheshimiwa aliitazama tena karatasi yake. Ndipo alipokaa.

"Kwamba wanatumiwa ujumbe mfupi," alisema taratibu.

"Amejibu kipande ambacho binti hakukijua."

"Huenda Mkalimani alimwambia."

"Huenda." Kituo aliinuka akavaa koti. "Ndiyo maana sina barua ya kumfukuza mtu yeyote bado."

"Sikiliza, Kituo." Sauti ya Mheshimiwa ilikuwa imeshuka. "Ile kamati haiendi na huenda. Wana binti aliyeonekana ndani ya gari la Waziri. Usipowapelekea mtu mwingine, watamchukua aliyepo. Na mimi ndiye niliyewapa."

Binti alikuwa chumba cha mashine za kunakili, anapanga vitu vyake kwenye boksi: kikombe, sweta, na kamche kadogo kalikokuwa kameshakata tamaa kabla yake.

"Shikamoo, mzee. Kama umekuja kunisindikiza, mlango ninaujua."

"Marahaba. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Posta."

"Posta yenye usukani?"

Binti akaacha kupanga. Alimtazama Kituo usoni, akaona huyu hatoki, akavuta kiti.

"Nilikuwa najifunza kuendesha gari."

"Kwa gari la Waziri."

"Kwa gari la Waziri. Dereva wake ananifundisha kule maegesho ya nyuma, Waziri akiwa anakunywa chai. Usinitazame hivyo, mzee. Umewahi kufundishwa na shangazi? Mara ya kwanza kunipa usukani niligonga ndoo. Ndoo tupu! Ukoo mzima ukapigiwa simu. Hadi leo nikienda misibani watu wananiuliza ndoo inaendeleaje."

"Kwa nini hukuiambia kamati?"

"Niwaambie nini? Shangazi ameshaniita msaliti kwenye maikrofoni, watu wazima wanaandika. Nisimame niseme hapana waheshimiwa, nilikuwa nafanya mazoezi ya kurudi nyuma na mali ya serikali? Wangenifukuza mimi, na dereva nyuma yangu. Ana watoto."

"Niambie swali la nyongeza lilivyokuwa."

Akalisema, neno kwa neno, likaishia kwa wazee kukosa huduma.

"Na kipande cha viziwi?"

"Kipi hicho?"

Kituo alisaidia kuusimamisha ule mche uliokuwa umelala kwenye boksi, akatoka.

Kituo alimkuta dereva wa Waziri akipangusa vioo vya gari. Alikana yote kwanza, kama inavyopasa, kisha Kituo akamwonyesha ua jipya la mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma, na dereva akakubali yote.

"Lakini kuuza swali, hapana, mzee wangu. Huyo binti breki haijui, ila adabu anayo. Hajawahi kuniuliza hata Waziri anakula nini. Jana nilimwacha kikao kikiwa kinaanza, jasho linamtoka, eti amefaulu kuegesha."

"Baadaye ukaenda wapi?"

"Nilirudi kule chumba cha kusubiria mawaziri, kuweka ufunguo. Hakukuwa na mtu. Kabla ya hapo, nilipokuwa natoka na ufunguo, alikuwepo Mshauri wa Waziri tu, amesimama dirishani."

"Anafanya nini?"

"Mtu akisimama dirishani anafanya nini? Anatazama nje. Nilimsalimia mara mbili, hakuitika. Nikasema haya, vijana wa tai ndivyo walivyo."

Kituo alimshukuru, akamwambia atafute rangi ya kufunika lile ua.

Chumba cha kioo kilikuwa katikati ya jengo, upande mmoja umepakana na korido na upande wa pili na ua wa ndani wenye nyasi. Kilijengwa kwa akili nyingi. Kuta zake ni za kioo, ili mwananchi asije akasema waheshimiwa wanapeana bahasha humo. Na kioo chenyewe ni kinene cha tabaka mbili, ili maneno yabaki ndani. Wajumbe wote waliamini hapo ndipo mahali salama kuliko pote bungeni. Hata siri za ndoa zao walizizungumzia humo.

Kituo alimwita askari wa korido.

"Ingia ndani, funga mlango, upige kelele."

"Nipige kelele gani, mzee?"

"Tukana."

"Nimtukane nani?"

"Yeyote utakayependa. Jengo ni la wananchi."

Askari akaingia. Alianza kwa aibu, kisha mambo yakamkolea. Mishipa ya shingo ilimsimama, akatupa mikono, akachuchumaa, akainuka. Kituo, nje, sikio likiwa kwenye kioo, hakusikia kitu. Alizunguka akaenda kusikilizia uani. Kimya vilevile. Akamwashiria atoke.

"Umesikia?" askari aliuliza huku akihema.

"Hata neno. Lakini ulikuwa unanitukana mimi."

Askari alishtuka. "Sasa umejuaje, na hukusikia?"

"Ulininyooshea kidole. Halafu ukaonyesha tumbo kubwa, ukaonyesha mtu anayetembea kama kobe, ukaangalia saa." Kituo aliishia hapo. Alisimama katikati ya korido, kidole bado kikielekeza tumbo lake mwenyewe, na askari akabaki anasubiri safari iendelee.

Safari haikuendelea kwa maneno. Kituo aligeuka taratibu akatazama kupitia kioo, akavuka nyasi kwa macho, hadi ukuta wa pili. Kulikuwa na dirisha moja pana, lenye pazia lililovutwa kando. Lilikuwa la chumba cha kusubiria mawaziri.

"Nisamehe, mzee," askari alisema. "Ulisema yeyote."

"Umefanya kazi nzuri. Niitie Mkalimani."

Mkalimani alikuja na mikono mifukoni, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake ni sawa na kukaa kimya kwa hasira. Alikwisha kusikia kwamba jina lake linatajwa.

"Uliza tu, mzee. Sikuuza swali. Ningeuza vipi swali la watu wangu mwenyewe?"

"Sikuulizi hilo. Jana, humu ndani, Mheshimiwa alipokusomea, wewe ulifanya mazoezi?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono?"

"Kwani ningefanya kwa miguu?"

"Na kile kipande cha viziwi?"

Mkalimani akatoa mikono mfukoni. "Hicho nilikirudia mpaka Mheshimiwa akaniambia basi, utanichosha. Nilitaka kitoke vizuri. Huko nje kuna watu wanatazama kikao nyumbani, mzee, na mara nyingi wanachoambiwa na bunge hili hakiwahusu kabisa. Hiki kiliwahusu."

"Ulikuwa umeelekea wapi?"

"Uani, kwenye mwanga, ili nijione kwenye kioo…" Akakatisha. Alifuata macho ya Kituo hadi kwenye lile dirisha. "Hapana, mzee. Kule hakuna anayejua alama. Hata 'asante' hawaijui. Nikiwasalimia wananipungia kama wanaofukuza nzi."

"Sisi tuliziba masikio ya jengo zima," Kituo alisema, "tukasahau kwamba wewe husemi kwa mdomo." Akavuta pumzi. "Una kichekesho kizuri?"

"Kichekesho?"

"Kikali. Cha kumhusu Waziri. Kinachomtoa mtu chai puani."

Mkalimani alifikiri, kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo. Alikisema kwa sauti ndogo. Kituo, ambaye hakujulikana kwa kucheka, alilazimika kugeukia ukuta.

"Hicho hicho," alisema alipopona. "Nipe muda nifike ng'ambo, nikae, nimimine chai. Halafu ukiseme kwa mikono, uani, kwenye mwanga."

Chumba cha kusubiria mawaziri kilikuwa na makochi mazito, birika la chai, na runinga iliyowashwa bila sauti. Walikuwamo watatu. Dereva alikuwa akisoma gazeti la wiki iliyopita kana kwamba ni la kesho. Katibu Muhtasi wa Waziri, mama wa makamo, alikuwa akimpangia mtu safari kwenye simu. Mshauri, kijana mwembamba mwenye tai iliyonyooka kama rula, alikaa akitazama dirishani, kikombe mkononi.

"Hamjambo humu?" Kituo alisema, akajimiminia chai na kukaa kochi lililolipa mgongo dirisha, macho kwa watatu hao.

"Hatujambo, mzee. Umemkamata mtu wako?" Katibu Muhtasi aliuliza, akiwa ameziba simu kwa kiganja.

"Bado natafuta."

"Si ni yule mtoto wa Mheshimiwa? Watu wote wanasema."

"Watu wote hawakuwepo."

Mshauri alinyanyua kikombe. Nyuma ya Kituo, ng'ambo ya nyasi, mwanamume mmoja alikuwa ameingia chumba cha kioo na kuanza kuchezesha mikono. Katibu Muhtasi aliinua macho, akaona mtu wa kawaida wa kupunga mikono, akarudi kwenye simu. Dereva alifunua ukurasa.

Mshauri alikuwa katikati ya funda la chai. Mabega yalianza kwanza. Akajaribu kumeza, haikumezeka. Akakohoa, akacheka, akapaliwa, chai ikamrukia kwenye ile tai, na bado akawa anacheka, peke yake, katika chumba ambacho hakuna aliyesema jambo la kuchekesha.

"Vipi tena, mwanangu?" Katibu Muhtasi alishangaa.

"Hamna kitu, mama. Nimekumbuka jambo."

"Nalijua ulilokumbuka," Kituo alisema bila kugeuka nyuma. "Waziri wa Afya akiumwa kichwa hukimbilia wapi? Uwanja wa ndege."

Dereva aliangua kicheko, akagundua yuko wapi, akajificha nyuma ya gazeti. Mshauri hakucheka tena. Alitazama dirishani, kule ambako Mkalimani alikuwa ameshusha mikono na kusimama kimya, anamtazama yeye.

"Naomba mtupishe kidogo," Kituo aliwaambia wale wawili, na wakatoka, mmoja kwa haraka sana.

Mlango ulipofungwa, Mshauri alivuta leso akaanza kupangusa tai. Aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama yangu hasikii," alisema. "Nilijua alama kabla sijajua kutamka."

"Mbona humu hakuna anayejua?"

"Nani aliwahi kuniuliza, mzee?"

Kituo alikubali kwa kichwa. "Haya. Jana."

"Sikuwa napeleleza mtu. Nilisimama hapo na chai yangu. Nikaona mikono. Wewe ukipita mahali ukasikia mtu anaita jina la mama yako, hugeuki?" Alikunja leso. "Lilikuwa swali lake kabisa. Mama ni mmoja wa wale walioondolewa ziara. Miguu haina nguvu. Mhudumu alikuwa akija, anampima, anamgeuza, wanaongea kwa mikono yao ile ya kubuni. Sasa anapigiwa simu. Simu inalia kwenye kabati, na jirani ndiye anayekuja kumwambia inalia."

"Ukaenda kwa Waziri."

"Nilikimbia. Kwenye korido hii hii. Nilidhani akijua kwamba linakuja, atataka kulimaliza kabla hajaaibika. Ataagiza ziara zirudi, aingie ukumbini aseme tumeshazirudisha. Yeye apate sifa, mama apate mhudumu. Nilimweleza yote."

"Yote? Na ya mama?"

"Ya mama sikusema. Nilisema wapo watu."

"Akasema nini?"

"Akasema, niandikie jibu."

Runinga iliendelea kuonyesha watu wanaosema bila sauti.

"Ukaandika," Kituo alisema.

"Nikaandika. Lilinijia haraka tu, maana ndiyo kazi yangu, kutafuta neno litakalopita. Nikaandika ujumbe mfupi. Nikalichomeka nyuma ya jibu la zahanati, kwa haraka, bila karatasi ya kutenganisha. Yeye akafunua akaendelea kusoma."

"Huo ujumbe mfupi upo?"

"Haupo, mzee. Haujawahi kutumwa hata mmoja."

"Na kama ungetumwa? Mama yako anasoma?"

Mshauri aliweka kikombe chini, kwa uangalifu, kama kinaweza kuvunjika kwa kuguswa na meza.

"Hasomi," alisema.

Kituo akaongea kwa sauti ile ile aliyosalimia nayo alipoingia. "Kuona mikono si kosa. Kumpelekea Waziri ulichoona ni kosa la maadili, na kulidanganya bunge ni kosa kubwa zaidi, ingawa hilo mtagawana na aliyelisoma. Sitakuficha. Ila saa nane kuna binti anafukuzwa kwa jambo ambalo hakulifanya na hakulijua."

"Nikisimama mbele ya kamati, kesho sina kazi. Mshahara huu ndio unaomlisha mama."

"Inawezekana."

"Na nisiposimama?"

"Nitasimama mimi, niseme nilichoona. Mtu aliyecheka. Wakili wako atasema ulikumbuka jambo. Kamati itamtazama mtu aliyecheka na mtu aliyeonekana garini, na itachagua. Unawajua."

Mshauri aliwajua. Ndiye aliyekuwa akiandika majibu ya kuwaridhisha. Alitazama tena ng'ambo ya nyasi. Mkalimani bado alikuwa pale. Mshauri akainua mikono, polepole, akasema kitu kifupi kwa vidole. Kule kwenye kioo Mkalimani akajibu, kifupi vilevile.

"Umemwambia nini?" Kituo aliuliza.

"Nimemuuliza kama atanikalimania. Mbele ya kamati nataka kusema kwa mikono. Mama hutazama kwenye runinga."

Na ndivyo alivyosema. Saa nane, mbele ya Spika na wajumbe wa kamati, kijana wa tai yenye doa la chai alisimama akaeleza kwa mikono alichokiona, alichokipeleka na alichokiandika, huku Mkalimani akimpa sauti. Wajumbe hawakujua wamtazame nani. Alipofika kwenye ujumbe mfupi usiokuwapo, Spika alivua miwani. Aliagiza Mshauri asimamishwe kazi hadi shauri lake lisikilizwe, Waziri arudi ukumbini kesho yake kulijibu swali upya bila folda, na lawama dhidi ya msaidizi wa Mheshimiwa zifutwe. Akagonga nyundo. Watu wakaanza kuinuka.

Binti alikuwa koridoni, amesimama karibu na ukuta. Mheshimiwa alimfikia kwa hatua kubwa kubwa, akamshika bega.

"Haya, yameisha. Umesikia? Yameisha. Sasa twende ofisini, kuna swali la kesho la kuchapa, Waziri safari hii hana pa kushika."

"Yameisha wapi, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa aliondoa mkono. Tangu mtoto huyu ajue kusema, hakuwahi kumwita hivyo.

"Si Spika amefuta?"

"Spika amefuta. Spika ndiye aliyeniita msaliti?"

"Nilikuwa na hasira, na wewe hukuwa posta, na lile gari…" Alimgeukia Kituo, aliyekuwa karibu, kutafuta msaada. Kituo alikuwa ameanza kuchunguza taa za dari. "Sawa. Samahani. Nimekuomba samahani, mbele ya mzee Kituo."

"Uliniita msaliti hapa koridoni?"

"Ndani."

"Kwa sauti ya chini chini hivi?"

"Kwenye maikrofoni," Mheshimiwa alisema.

"Na ikaandikwa. Kwenye kumbukumbu za bunge, jina langu, la babu, na hilo neno." Binti hakupandisha sauti. "Baba atasikia, Mheshimiwa. Wajukuu wake watakuja kusoma."

"Unataka mimi, mtu mzima, nirudi mle ndani, mbele ya wale wanaonisubiri nianguke…"

"Ndiyo. Kwa heshima zote."

Mheshimiwa aligeuka, akasukuma mlango mzito wa chumba cha kamati, na waliokuwa wakitoka wakalazimika kumpisha. Kituo na binti waliingia nyuma yake, wakasimama upande wa wageni. Spika alikuwa akikusanya karatasi zake.

"Mheshimiwa Spika, kabla hujatoka. Naomba dakika."

"Shauri limefungwa, Mheshimiwa."

"Langu halijafungwa." Alibonyeza kitufe, taa nyekundu ya maikrofoni ikawaka. Waandishi wa kumbukumbu wakarudi vitini. "Jana, ndani ya chumba hiki, kulitokea… kulikuwa na mkanganyiko kuhusu msaidizi wangu."

Wajumbe wa upande wa Waziri waliangaliana, mmoja akaanza kutabasamu. Mheshimiwa alimwona. Aliangusha macho kwenye meza, kisha akayainua, akayapeleka moja kwa moja upande wa wageni.

"Hapana. Hakukuwa na mkanganyiko. Nilimsingizia binti wa kaka yangu. Sikumuuliza, sikumsikiliza, nilimtaja tu. Hakuuza swali. Yeye ndiye aliyelichapa vizuri likawa swali. Naomba iandikwe hivyo, kwa jina lake, na langu juu yake."

Yule aliyekuwa akitabasamu aliacha. Spika alivaa tena miwani.

"Iandikwe," alisema. "Msaidizi ana la kusema?"

Mgeni haruhusiwi kuongea kutoka upande wa wageni, na kila mtu aliijua kanuni hiyo, Spika kuliko wote. Lakini alikuwa ameuliza. Binti alisogea mpaka kwenye maikrofoni ya pembeni, akaiinamia.

"Nimesikia, shangazi," alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Waandishi wa kumbukumbu wakaandika kama alivyosema.